Nguo za Dereva

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Dobi, basi. Wateja walimwita Dobi, mama mkwe wake alimwita Dobi, hata mumewe, ambaye naye watu wote walimwita Dereva, hakuwa na jina jingine la kumwitia. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja. Haya nimeyasikia kwake mwenyewe, na mengine nimeyasikia kwa binti yake, na kila mmoja aliyasimulia kwa wakati wake bila mwenzake kuwapo. Hawakupingana popote.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Jua lilitoka mapema, kamba za uani zilikuwa tupu, na mlinzi wa nyumba ya wageni alikuja na furushi la mashuka, akalibwaga mlangoni na kuomba yawe tayari kabla ya magharibi. Dobi akayachambua, yenye madoa huku, yasiyo na madoa kule. Akajaza mashine, akatia sabuni, akabonyeza, akaenda kuinjika chai.

Chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma ya nyumba, kinatazamana na bafu, katikati kikorido. Kilikuwa na kidirisha kimoja, sakafu ya saruji, mashine, meza ya kupigia pasi, na bomba la plastiki lililochomoza ukutani usawa wa kiuno. Mdomo wa bomba hilo ulikuwa mpana kama kikombe. Humo ndimo mpira wa mashine ulimotumbukizwa ili kumwaga maji machafu.

Chai haijatokota, akasikia maji yanapiga sakafu.

Alikuta bomba linatapika. Mashine ilikuwa ikisukuma maji nje, na bomba lilikuwa likiyarudisha, yanateremka ukutani na kutambaa mpaka kwenye korido. Akazima mashine, akavuta tambara. Binti yake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo ya shule, akaja na ndoo na kusema kwamba mashine nayo imechoka, inadai likizo kama watu wengine. Dobi akacheka, kwa sababu alijua hapo ni mahali pa kucheka.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu amzike mumewe. Lori la Dereva lilitumbukia mtoni mwaka ule wa mafuriko, daraja lilipokatika chini ya magurudumu, na alipopatikana na kuvalishwa, ndugu zake waliamua jeneza lisifunguliwe tena. Siku ya mazishi wanawake wawili walimshika Dobi huku na huku wakingoja aanguke. Hakuanguka. Hakutoa hata chozi. Watu wakasema huyu analia kwa ndani, lakini kusema kweli hakuwa akilia popote. Alikula bila kusikia ladha. Alilala kama gogo na kuamka kama gogo. Mteja aliyekuwa hajapata habari akimwuliza Dereva yuko wapi siku hizi, alijibu, "Yuko safarini," kisha akaendelea kukunja nguo. Lile neno lenyewe halikuwahi kupita kinywani mwake.

Basi akaanza kulishughulikia bomba kama mtu anayelijua. Akafungua chujio la mashine, akatoa kibanio cha nywele na matonge ya nyuzi. Akaukagua mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho, haukupinda wala kuziba. Akachemsha maji ndoo nzima na kuyamimina mdomoni mwa bomba, yakashuka vizuri tu. Akarudisha mpira mahali pake, akawasha.

Bomba likatapika tena.

Safari hii alikinga kiganja. Maji yaliyotoka kwenye mashine yalikuwa ya uvuguvugu, mazito kwa povu na uchafu wa mashuka. Haya yaliyorudi yalikuwa safi kama ya kunywa. Yalikuwa baridi mpaka mifupani, na yalinuka tope la mtoni.

Fundi bomba wa mtaa wetu aliitwa Taratibu, maana ukimwita kwa bomba linalovuja, atafika umeshajua kuogelea. Siku hiyo alikuja upesi. Aliketi kwenye ndoo, akatoa ule waya wao mrefu wa springi wanaouita nyoka, akaanza kuusokomeza bombani huku akieleza kwamba nyuzi za nguo na mafuta ya sabuni vikikutana huko chini hugeuka kama nta ngumu. Akauzungusha, akauvuta. Ukatoka na soksi.

Ilikuwa soksi nyeusi ya kiume. Taratibu akaitikisa, akasema kila nyumba duniani ina soksi iliyopotea na leo moja imepatikana. Dobi akaiweka mezani. Wakawasha mashine kujaribu. Maji yakapanda vilevile, na soksi ya pili ikaja juu yake, yenyewe, bila kuvutwa, ikaanguka sakafuni na kujinyoosha.

Fundi hakutania tena. Alitoka nje, akafunua chemba ambayo bomba lile linamwagia, akamwambia binti amimine ndoo ya maji kule ndani. Maji yakafika chembani kama kawaida. Akaomba mashine iwashwe. Kule ndani binti akaita kwamba sakafu imejaa tena. Taratibu akachungulia chini. Chemba haikupata hata tone.

Akarudi ndani, akaupeleka waya kwa mara nyingine, mbali zaidi kuliko mwanzo, mpaka umebaki mkia tu mikononi mwake. Hapo akasimama. Dobi aliona mabega yake yakikaza, akaona akiinua mguu mmoja na kuukanyagia ukutani kama mtu anayeng'ang'ania kamba ya ng'ombe. Waya ulikuwa unakwenda. Ulimpita viganjani ukiacha alama nyekundu. Halafu ukalegea.

Dobi akamwuliza kama umekwama.

"Haukukwama, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nimevutwa."

Akasema anakwenda kumtafuta mwenzake. Aliondoka akiwa ameuacha waya ukining'inia na mfuko wake wa vifaa sakafuni. Tangu lini fundi akaacha mfuko wake?

Baadaye watu walimwuliza Dobi kwa nini aliiwasha tena mashine baada ya hapo. Jibu lake lilikuwa moja. Hakuwa amewaza kitu. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa bado na sabuni, mlinzi angerudi, na kazi haijui msiba. Akauchomoa waya wa fundi, akautia mpira, akabonyeza, akasimama kutazama.

Maji yakapanda. Kisha ukatoka mkono.

Mkono wa shati. Ulikuwa mweupe, ukapenya kwenye ule mdomo wa kikombe kidogo kidogo, ukalala ukutani. Ukafuata wa pili. Ikaja kola, kisha kifua. Shati zima likatoka kwa utulivu, kama mtu anayevua bila haraka, likateremka na maji mpaka miguuni pake.

Akaliokota. Halikuoza wala kutoboka. Vifungo vyote vilikuwa vyeupe na vimeshonwa kwa uzi mweupe, isipokuwa kimoja cha kifuani, kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Alikishona yeye mwenyewe. Asubuhi ya mazishi uzi mweupe ulikwisha, nyumba imejaa watu, hakuna wa kutumwa dukani, akaona heri wa kijani kuliko kumpeleka mwanamume kaburini na kifungo kinaning'inia.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na tambara lake.

"Mama, si shati la baba hilo?"

"Ndilo."

"Lile alilo..."

"Ndilo, mwanangu."

Dobi akalikamua, akalikung'uta, akatoka kulianika pamoja na soksi. Mikono ilijua kazi yake, haikumwuliza. Alipokuwa akibana kibanio cha mwisho, binti akamfuata uani, akasimama nyuma yake karibu sana. Kuna jambo alikuwa amelikumbuka. Dereva alikuwa na tabia yake akitoka safari. Hakuingia chumbani na vumbi la njiani. Alipita moja kwa moja korido ya nyuma na kuvua nguo pale pale mlangoni mwa chumba cha kufulia, akimrushia mkewe moja baada ya nyingine huku akimtania. Alianza na soksi, kisha shati, na suruali ikaja mwisho. Ndipo akaingia bafuni kuoga, na akishamaliza akaita apelekewe taulo, maana hakuwahi hata siku moja kukumbuka kuingia nalo.

"Mama," binti alinong'ona, "bado suruali."

Dobi alirudi ndani akachomoa waya wa mashine kwenye umeme. Kisha akampigia simu shemeji yake, mdogo wa Dereva, akamwambia aje, bila kueleza.

Shemeji alikuja na mama yake, kwa kuwa aliishi naye na mama hakutaka kubaki peke yake. Mama mkwe akaingia ndani kukaa na mjukuu. Shemeji akapelekwa uani. Aliliona lile shati kwenye kamba, akalisogelea, akakigusa kile kifungo cha kijani, kisha akakaa chini, kwenye udongo, na suruali yake safi.

"Shemeji, mimi ndiye niliyemvalisha," alisema. "Nilimfunga vifungo kwa mikono hii. Mpaka cha shingoni."

Wakakubaliana kwenda kaburini, kwani walitaka kuwa na hakika kwamba hakuna mwizi wala mchawi aliyelichimbua. Walikwenda jua likiwa utosini. Kaburi lilikuwa kama walivyoliacha. Saruji haikuwa na ufa, majani yameota pembeni bila kukanyagwa, na udongo ulikuwa mkavu kiasi cha kupasuka. Mtunza makaburi aliapa kwamba hapajaguswa. Shemeji alitazama huku na huku, akapiga magoti na kuweka sikio juu ya saruji. Alikaa hivyo muda. Dobi alimwuliza anasikia nini. Akainuka upesi, akamtangulia mpaka barabarani. Ndipo aliposema kwamba leo leo lile bomba lizibwe kwa saruji. Wakapanda basi kurudi, yeye akashuka njiani kwenda kumsaka Taratibu, na Dobi akaenda nyumbani peke yake.

Alipofika getini aliisikia mashine. Ilikuwa inafanya kazi.

Alipita uani. Shati na soksi zilikuwa kwenye kamba, zimekauka. Akaingia korido ya nyuma, na maji yakampanda juu ya vidole vya miguu. Mlangoni mwa chumba cha kufulia mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mapajani alikuwa amepakata suruali nyeusi iliyolowa chapachapa, anaipapasa kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mjukuu alikuwa amemsimulia yote, habari za soksi na shati, na kwamba imebaki suruali. Alisimulia kwa hofu. Bibi yake alisikiliza kwa namna nyingine.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Dobi," alisema polepole. "Mlimzika mwanangu mkanikataza hata kumwona uso. Mimi nilitaka tu kumwona."

Dobi alikuwa anasikia kitu kingine. Mashine ilikuwa imemaliza na kunyamaza, lakini maji hayakunyamaza. Kulikuwa na mtu bafuni. Anaoga. Maji yanapiga mwili, yanakatika, yanapiga tena, jinsi yanavyofanya mtu anapojigeuza.

"Mtoto yuko wapi, mama?"

"Kaitwa," mama mkwe alijibu. "Baba yake kaomba taulo."

Dobi aligeuka. Binti alikuwa mwisho wa korido, mahali penye giza kidogo, amesimama wima mbele ya mlango wa bafu. Mlango ulikuwa wazi upenyo mdogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia ndani ya upenyo huo mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anatazama mbele. Hakuwa akipepesa macho.

Dobi alimkumbatia kiunoni, akamvuta.

Hakuja.

Akamvuta tena. Huko ndani hakukuwa na nguvu ya kupigana naye. Kulikuwa na mtu aliyeushika tu mkono wa mtoto, vizuri, kama unavyomshika unayevuka naye barabara. Hakuwa anakaza. Hakuwa anaachia.

"Dobi." Sauti ilitoka ndani, karibu na upenyo, chini ya mlio wa maji. "Maji ya baridi."

Ilikuwa sauti ya Dereva. Haikuwa na kilio wala hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka safari.

Nyuma mama mkwe alianza kutaja jina la mwanawe, jina la utotoni, polepole, bila kukoma. Dobi alisikia moyo wake ukitaka jambo moja tu, kuusukuma ule mlango. Angemwona. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. Kilichomzuia, alisema, ni bega la binti yake lililokuwa limemgusa kifuani. Lilikuwa limepoa. Lilikuwa linazidi kupoa.

Akaondoa mkono kwenye kitasa.

"Mume wangu," alisema. Akajaribu tena. "Mume wangu, umekufa."

Maji yakaendelea kupiga.

"Ulikufa mtoni. Tulikuzika. Nguo zako nimezifua. Nazipiga pasi sasa hivi, nakuletea. Mwachie mtoto. Uvae, uende."

Halafu mkono wa binti ukatoka, wote kwa mara moja, na wakaanguka pamoja sakafuni. Dobi akamwinua, akamsukuma uani, akamwambia akae juani asirudi.

Kisha akafanya alivyoahidi. Alitwaa shati na soksi kambani. Aliikuta suruali mikononi mwa mama mkwe, na mama mkwe hakuiachia, ikabidi ambandue kidole kimoja kimoja. Akachomeka pasi. Akapiga kola kwanza, kisha mikono, kisha mgongo. Akapiga suruali juu ya kitambaa mpaka mvuke ukakoma, akaweka mkunjo mbele, mahali pake. Nje watoto wa mtaa walikuwa wanacheza mpira. Ng'ambo ya korido maji yalikuwa yanapiga. Hakuharakisha. Zilipokamilika akazikunja, akaziweka sakafuni mbele ya mlango wa bafu, akarudi nyuma hatua chache, akageukia ukuta, kama mtu anavyompa mwenziwe nafasi ya kuvaa.

Mlango ulilia. Nguo zilichakarisha. Alisikia zipu ikipanda.

Maji yakakatika.

Shemeji na Taratibu walipofika walimkuta amekaa korido, uso bado umeelekea ukutani, analia. Analia kwa sauti, makamasi na machozi, kama mtu aliyefiwa saa ile ile. Walisukuma mlango wa bafu. Hapakuwa na mtu. Nguo hazikuwapo. Taulo lilikuwa limetundikwa msumarini, limelowa.

Bomba la zamani lilizibwa kwa saruji na kokoto mpaka mdomoni. Taratibu akatoboa ukuta, akapitisha bomba jipya moja kwa moja hadi chembani, na mashine ile inafanya kazi mpaka leo, haijamwaga hata tone sakafuni. Mama mkwe alirudi kwake jioni ile ile na hakukanyaga tena nyumba hiyo mpaka alipofariki. Hakuomba radhi, wala Dobi hakumdai. Dobi mwenyewe aliomboleza mwaka mzima, akakonda, akanenepa tena. Siku hizi ukimwuliza habari za mumewe anakwambia wazi kwamba alikufa, na akishasema hivyo hutulia kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Binti ni mtu mzima sasa. Anauza kwenye duka la dawa, ana mume, ana mtoto anayetambaa. Siku ile haikumbuki yote. Anakumbuka kuitwa na anakumbuka kuchagua taulo lililo safi. Ila mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka kiwiko, ngozi imejikunja na kupauka kama mkono uliokaa majini kutwa nzima. Madaktari wameutazama, akapewa mafuta ya kila aina, yote bure. Hauumi wala hauwashi. Ameuzoea, na wateja wake wengi hawatambui chochote. Wanapokea dawa, wanapeana naye mkono, wanaaga. Lakini simama pale dukani uwatazame. Kila anayetoka hujifuta kiganja kwenye nguo yake. Nami nilijifuta nilipompa mkono mara ya mwisho, kisha nikatazama. Shati langu lilikuwa limelowa.